Msikiti Chini ya Msikiti

Mwaka wa 1331, Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Moroko, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Mgeni wa usiku mmoja kwa kawaida haoni mengi, lakini huyu alikuwa na jicho la karani. Baada ya kutaja ndizi, ndimu na samaki, aligeukia misikiti. Alisema watu wa Mombasa ni watu wa dini, na kwamba misikiti yao imejengwa kwa mbao, kwa ustadi. Kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, na kina chake hakikuzidi dhiraa mbili. Watu walichota maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Ardhi iliyozunguka kisima ilisawazishwa. Aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akajifuta kwenye kipande cha jamvi nene kilichowekwa mlangoni. Watu wa huko, alisema, walitembea pekupeku.

Maelezo haya ni mafupi, unaweza kuyasoma huku maji ya chai yakichemka. Lakini mimi huyarudia mara kwa mara, kwa sababu ya neno moja: mbao. Sisi tuliosoma shule za Kenya tulifundishwa kwamba msikiti wa kale wa Pwani ni jengo la mawe, tena gofu, lenye mbuyu umeota katikati. Kumbe mji mkubwa kama Mombasa ulikuwa ukiswali ndani ya misikiti ya miti. Leo ukienda kuitafuta hutaipata hata mmoja. Mchwa, mvua na moto havikubakisha kitu. Ila kisima kiko, kuosha miguu kuko, na jamvi la mlangoni liko. Ingia msikiti wowote wa mtaani kule Mji wa Kale wakati wa Alasiri na utayaona yote matatu, japo kisima siku hizi ni mfereji na jamvi ni zulia.

Basi msikiti wa kale ni upi? Ni kuta, au ni yale yanayofanyika ndani ya kuta?

Siulizi kwa kujifurahisha. Swali hili linagombanisha watu Pwani nzima. Watu wameongezeka, na safu za Ijumaa zinafika barabarani. Kuta zina nyufa, boriti zimeoza, na kamati ya msikiti imepata mfadhili aliye tayari kugharimia jengo jipya la ghorofa, marumaru na minara miwili mirefu. Upande mmoja unasema: tubomoe, dini si mawe. Upande mwingine unasema: mkibomoa mmetufuta. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, Lamu, Mombasa na Kwale, na kila upande unaamini kwamba ndio unaoutetea msikiti. Mimi naona historia yenyewe ina neno la kusema katika ugomvi huu, na neno hilo haliufurahishi upande wowote kikamilifu.

Tuanzie Shanga. Shanga ni magofu yaliyo ufukweni mwa kisiwa cha Pate, katika Kaunti ya Lamu. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba pale kwa misimu kadhaa. Katikati ya mji palikuwa na gofu la Msikiti wa Ijumaa, la mawe. Alipochimba chini yake alikuta msikiti mwingine. Chini ya huo, mwingine tena. Akaendelea kushuka hadi akafikia alama za vigingi kwenye mchanga, mashimo ya nguzo za miti, ya kijumba kidogo mno kilichojengwa mwishoni mwa karne ya 8. Yaani haijatimia miaka 200 tangu Hijra, na tayari kuna watu kwenye kisiwa cha Pate wanaopanga safu.

Kuna jambo moja katika uchimbaji huo ambalo halinitoki akilini. Misikiti ile ya mwanzo haikuelekea kibla sawasawa. Ilikosea kwa kiasi kikubwa. Iliyofuata ikarekebishwa. Hebu fikiria maana yake. Watu wale hawakuwa na dira. Walikuwa na nyota, jua, na maneno ya mabaharia. Mtu mmoja mwenye elimu zaidi akaja, au mwana wa mji akarudi kutoka safari, akawaambia kwamba Makka si huko, ni huku. Hawakumfukuza, wala hawakusema kwamba wazee wetu ndivyo walivyojenga na hatubadilishi. Waliujenga upya msikiti mahali palepale, juu ya ule wa zamani, wakageuza uso wake. Kisha wakajenga tena. Wakatoka kwenye miti wakaingia kwenye mawe.

Kwa hivyo anayesema kubomoa na kujenga upya ni jambo la kigeni Pwani hana ushahidi. Shanga ni msikiti juu ya msikiti juu ya msikiti. Lakini na anayesema kwamba kilichokuwepo hakina maana naye aangalie vizuri: kwa zaidi ya miaka 600 hawakukihama kiwanja. Kila kizazi kilijenga juu ya kiwanja kilichojulikana ni cha ibada, na wachimbaji waliposhuka waliweza kusoma kizazi baada ya kizazi kama kurasa. Hakuna aliyeleta tingatinga kuchota mpaka chini.

Shanga ni muhimu kwa sababu ya pili, nayo ni ya kisiasa. Mwaka wa 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Kenya, James Kirkman alichapisha kitabu kuhusu magofu ya Pwani. Kirkman ndiye aliyechimba Gede tangu mwaka wa 1948, na kazi yake ya mikono ilikuwa kubwa, hilo lazima tulikiri. Lakini katika kitabu hicho alishikilia kwamba majengo haya ya kale si ya Waafrika, ni ya Waarabu na Waajemi waliohamia, ambao hata kama damu ilichanganyika, utamaduni wao ulikuwa mbali na wa watu waliowazunguka. Hakuwa peke yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mawazo ya wasomi wengi wa wakati wa ukoloni: jiwe ni la mgeni, udongo na makuti ni vya mwenyeji.

Vigingi vya Shanga vinaipa nadharia hiyo shida. Kama jiwe lilikuja na mgeni kwa mkupuo mmoja, mbona msikiti wa kwanza ni wa miti na udongo, kama nyumba za watu wa Pwani wenyewe? Mbona mabadiliko yanakwenda hatua kwa hatua, miti kwanza kisha mawe, mahali pamoja, katika mji ambao vyungu vyake vingi ni vya kienyeji? Pale Shanga zilipatikana hata sarafu ndogo za fedha zilizopigwa hapohapo, zenye majina ya Kiislamu. Huo si mji wa wapangaji.

Hata hivyo sitaki tuvuke kutoka kosa moja kwenda jingine. Mwaka wa 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi zilizotolewa kwenye mifupa ya makaburi ya kale ya Pwani, yakiwemo ya Mtwapa, Manda na Kilwa. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Matokeo yalionyesha mchanganyiko ulioanza karibu mwaka wa 1000: kwa upande wa akina mama, asili ni ya Kiafrika kwa wingi sana, kwa upande wa akina baba, wengi wana asili ya Asia, hasa Uajemi. Kwa hivyo wale wazee waliokuwa wakisema “sisi tuna babu wa Kishirazi” na kuchekwa na wasomi, hawakuwa wanaota. Na wale waliosema lugha, chakula na nyumba ni vya mama zao Waafrika nao walisema kweli. Vigingi vya Shanga ni vya zamani kuliko mchanganyiko huo, na kuta za mawe zilizofuata zilijengwa na watoto wake.

Sasa tuzitazame kuta zenyewe, maana watu wengi huzipiga picha bila kujua zimesimamaje.

Jiwe la msikiti wa Pwani ni tumbawe, na matumbawe ni ya aina mbili. Kuna lile gumu la nchi kavu, linalochongwa kwenye miamba, ambalo hujaza ukuta. Na kuna lile la baharini, linalokatwa likiwa bado hai chini ya maji. Hili la pili linapotoka baharini ni laini. Fundi hulichonga upesi, kwa vifaa vidogo, na likishapigwa na hewa na jua linakuwa gumu. Ndilo lililotumika kwenye mihrabu, kwenye miimo ya milango na kwenye maandishi. Chokaa nayo ni tumbawe: lilipangwa juu ya rundo la magogo, likachomwa, likalowekwa. Kwa hivyo ukuta mzima, jiwe na kinachoshikilia jiwe, umetoka bahari ileile ambayo waswalihina waliivua samaki.

Dari ilikuwa ya boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa vikashindiliwa. Boriti ya mkoko ni imara, lakini haiwi ndefu. Ukiitaka ibebe dari nzito ya mawe, nafasi kati ya ukuta na ukuta haiwezi kuzidi mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Na ndiyo maana msikiti, ambao unahitaji upana, hujaa nguzo. Mahali pengi mafundi waliweka safu moja ya nguzo katikati kabisa, ikielekea mihrabu. Anayeswali nyuma hamwoni imamu, anaona nguzo. Mwenye kuzoea misikiti ya Uturuki au ya Misri hushangaa: hawa walijenga nini? Walijenga kwa kile kilichokuwapo. Imamu hutazamwa kidogo, husikilizwa zaidi.

Ukitaka kuyaona haya yote mahali pamoja, nenda Gede, karibu na Watamu. Msikiti Mkuu wa pale ulijengwa upya katikati ya karne ya 15. Nguzo zake zilikuwa katika safu tatu, sita kila safu, na safu ya katikati inaziba mihrabu kama nilivyosema. Kisima na birika la kutawadhia viko ubavuni, na ngazi za kupandia juu ya dari, ambako muadhini alisimama kuadhini. Kwenye kibla kulikuwa na bakuli za kaure za kigeni zilizopachikwa ukutani. Bakuli hizo zilisafiri kutoka China, zikavuka bahari nzima ya Hindi bila kuvunjika, halafu mtu akaamua zisiliwe wala zisiuzwe, ziwekwe palepale watu wanapoelekeza nyuso.

Juu ya mlango mmojawapo wa msikiti huo pamechongwa ncha ya mkuki. Mkuki, katika miji yetu ya kale na bara pia, ni alama ya mamlaka. Hakuna msikiti wa Baghdad wenye mkuki mlangoni. Aliyechonga pale hakuona mgongano wowote kati ya mkuki wa wazee na kibla ya Makka. Kirkman aliuona mlango huu kila siku ya kazi yake.

Kitu ambacho hutakiona Gede ni mnara. Misikiti mingi ya kale ya Pwani haikuwa na mnara kabisa. Ngazi na dari zilitosha, maana mji ulikuwa mdogo na sauti ilifika. Minara ilikuja baadaye, na ilipokuja ilichukua umbo la hapa. Msikiti wa Mandhry, Mombasa, ambao kwa masimulizi ya mji ulijengwa mwaka wa 1570, miaka 23 kabla Wareno hawajaanza Ngome ya Yesu, una mnara mweupe unaonywea kadiri unavyopanda. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wa mwaka wa 1829, mnara wake ni wa mduara, mnene chini na mwembamba juu, kama mtu aliyevaa kofia ndefu. Nawaambia wanaokamati wanaotaka minara ya mtindo wa Ghuba: hamrudi kwenye asili. Mnachotaka ni kipya. Si haramu kukitaka kipya, lakini kiitwe kwa jina lake.

Wala si kwamba wazee hawakuwahi kushindwa. Kilwa Kisiwani, kule kusini mwa Tanzania, Msikiti Mkuu ulianza ukiwa ukumbi mdogo, karne ya 11 au ya 12. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyempokea Ibn Battuta, aliupanua mara kadhaa ya ukubwa wake. Dhahabu ya Sofala ilikuwa ikipita mikononi mwa Kilwa na pesa zilikuwepo. Mafundi walitumia nguzo zilizochongwa kwa tumbawe zima. Nguzo zile hazikuhimili. Sehemu kubwa ilianguka, na katika karne ya 15 wakajenga upya kwa nguzo nene za mawe na chokaa, zenye pembe nane, pamoja na kuba na matao tunayoyaona leo. Ukumbi wa mwanzo, ule mdogo wa kaskazini, hawakuubomoa. Waliuacha ukaungana na mpya. Leo mtu hutembea ndani ya jengo moja akapita karne nne.

Kizimkazi, Unguja, walifanya vivyo hivyo kwa namna nyingine. Kwenye kibla cha msikiti wa Dimbani kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yakitaja mwaka wa 500 wa Hijria, yaani 1107. Wataalamu wameulinganisha mwandiko huo na wa Siraf, bandari ya Uajemi. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18, na mwaka wa kujengwa upya nao ukaandikwa. Msikiti unatumika hadi leo. Nje una paa la mabati na hauna makuu, unaweza kuupita. Waliojenga upya karne ya 18 walikuwa na kila sababu ya kutupa mawe yale ya zamani. Waliyahifadhi, kisha wakaandika tarehe yao pembeni, wasije wakasingiziwa kwamba wao ndio wa kwanza.

Hapo ndipo ninapoiona kanuni, ingawa haikuandikwa popote. Jenga, panua, geuza ikibidi, lakini kibla cha wenzako kiache, na useme ni lini umefanya hivyo.

Kuna misikiti iliyokufa kama majengo na bado iko hai. Takwa, kwenye kisiwa cha Manda, mji wake ulihamwa mwishoni mwa karne ya 17 na watu wake, kwa masimulizi yao, wakavuka mlango wa bahari hadi Shela. Msikiti wa Takwa una nguzo ndefu iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, kitu kisichoonekana kwingine kwa urahisi. Wengine husema pamezikwa mtu chini yake. Dari imeanguka zamani. Lakini watu wa Shela huvuka kwenda huko kuomba dua ya mvua. Serikali imeuandika mji huo kuwa mnara wa kumbukumbu, mgeni hulipa kiingilio, na wenyewe huenda kwa babu zao. Mambo hayo mawili yanafanyika kwenye kiwanja kimoja na hayajaua mtu.

Na kuna jambo ambalo wapenda majengo, mimi nikiwemo, tunapenda kulipita haraka: nani aliruhusiwa ndani. Lamu ya karne ya 19 ilikuwa mji wa ngazi. Misikiti ya mawe ilifungamana na mitaa na koo za wenye nyumba za mawe. Watumwa na watoto wao, wageni maskini, wagema, hao waliishi kwenye nyumba za makuti pembezoni, na elimu ya dini iliwafikia kwa shida. Habib Swaleh, sharifu aliyekuja kutoka Ngazija akiwa kijana, alikwenda kukaa nao na kuwafundisha. Wakubwa wa mji walichukia. Walichukia pia matari na kasida za maulidi yake. Kutokana na darasa hilo la watu wasiotakiwa, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, ukainuka Msikiti wa Riyadha huko Langoni.

Riyadha hauna bakuli za kaure wala maandishi ya Kikufi. Kwa mwenye kupima umri wa jengo, ni mtoto kando ya Msikiti wa Pwani wa palepale Lamu, ambao tarehe yake hutajwa kuwa 1370. Lakini ni Riyadha unaojaza mji kila mwaka wakati wa Maulidi, watu wakija kutoka Comoro, Tanzania, Uganda na bara. Orodha ya turathi inayoanza na kuishia kwenye mawe ya kale zaidi itauweka Riyadha mwisho. Watu wa Lamu wangeuweka wapi?

Nimeyataja haya kwa sababu mabishano ya leo yana sura ileile. Misikiti mingi ya kale niliyoingia haina mahali pa wanawake. Mama anayefika mjini kutoka shambani, adhuhuri imemkuta njiani, hana pa kuswali. Vijana wa madrasa hawana chumba. Mzee wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda vidato viwili vya mlango. Kamati ikisema inataka nafasi zaidi, haisemi upuuzi. Inafanya alichofanya al-Hasan bin Sulaiman. Ukiijibu kwa kusema tu “hili ni jengo la kihistoria, msiliguse”, umewaambia watu kwamba msikiti wao ni wa wapiga picha.

Lakini kuna vitu viwili vya leo ambavyo al-Hasan hakuwa navyo. Cha kwanza ni simiti. Nilimkuta fundi mzee Lamu, nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaniitikia, “Marahaba, mwanangu,” bila kuacha kazi. Alikuwa akibandua lipu ya simiti kwenye ukuta wa matumbawe, na nyuma ya lipu mawe yalikuwa yamelainika mpaka yanakwanguka kwa ukucha. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, “Ukuta huu una chumvi na una maji, ndivyo ulivyozaliwa. Chokaa huyatoa. Simiti huyafungia ndani, mwanangu, na yakifungiwa yatakula jiwe.” Elimu ya ujenzi inamuunga mkono: chokaa hupitisha unyevu, simiti huuzuia, na mabaya yote hufanyika nyuma ya sura nzuri. Kamati nyingi huamua kubomoa kwa sababu kuta “zimechoka”, na ukichunguza, kilichozichosha ni ukarabati wa miaka 30 iliyopita.

Cha pili ni mwendo. Msikiti wa Shanga ulibadilika katika muda wa vizazi. Mtu aliyebomoa alikuwa ameswali ndani tangu utotoni, na fundi aliyejenga upya alijua kila jiwe limetoka wapi. Leo tingatinga linamaliza kazi kati ya Alfajiri na Adhuhuri, na mihrabu ya miaka 400 inakuwa kifusi cha kujazia shimo barabarani.

Sheria tunayo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kuwa la kulindwa. Mali za wakfu zina sheria yake tangu mwaka wa 1951. Mji wa Kale wa Lamu umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Gede uliingia 2024. Lakini msikiti mdogo wa mtaa ulioko Kwale au Kilifi, usio na bango wala mlinzi, hautaokolewa na New York wala Paris. Hatima yake iko mikononi mwa watu saba wa kamati, wakiwa wamekaa kwenye mkeka baada ya Isha, mbele yao mchoro wa mwanakandarasi.

Kwa hao saba nina maneno machache. Kabla ya jiwe la kwanza kuondoka, mwiteni mtu apige picha kila upande, apime kwa futi kamba, aandike maandishi yote yaliyomo, hata yale ya mkaa kwenye kidaka. Kazi hiyo ni ya siku mbili. Waulizeni wazee wa mtaa, wa kike na wa kiume, kisima kilichimbwa na nani na wakfu wa msikiti ni shamba lipi; mengine ya hayo hayamo kwenye hati yoyote. Panueni nyuma au ubavuni, mahali ambapo Kilwa walipanua. Wanawake wapewe mlango wao kutoka siku ya kwanza ya mchoro, wasibandikwe mwishoni. Mtafuteni fundi wa chokaa kabla hajafariki na mumpe vijana wawili wa kumfuata. Kibla cha zamani kikibidi kutoka mahali pake, kitolewe kizima na kiwekwe ndani ya msikiti mpya, mahali watoto watakapokiona na kuuliza.

Kisha andikeni tarehe. Andikeni kwenye ukuta kwamba hapa palikuwa na msikiti, ukabomolewa mwaka fulani kwa sababu fulani, na huu ndio uliofuata.